Mtoto wa Plastiki na Choo cha Parokia

Mtoto Yesu wa parokia yetu ni wa plastiki. Mweupe pe, macho ya bluu, nywele zimechanwa, na anatabasamu. Mtoto wa siku moja anatabasamu! Mimi nimelea. Mtoto wa siku moja hana habari na mtu: amekunja uso, anapiga kelele, na ameshachafua nepi. Huyu wetu hajachafua kitu tangu atolewe kwenye boksi.

Kamati ya pango la Noeli humlaza juu ya pamba ya kuigiza theluji. Theluji, Dar es Salaam, Desemba, kwenye joto linalomfanya hata baba paroko afupishe mahubiri! Mtakatifu Fransisko wa Asizi, mwaka 1223 kule Greccio, Italia, alitengeneza hori kwa majani makavu, akaleta ng'ombe na punda walio hai. Ng'ombe hai hunuka. Nadhani Fransisko alilijua hilo kabla hajamleta.

Kinachonikera zaidi ni Misa ya mkesha. Padre anahubiri kwamba Mungu alitwaa mwili, akawa mtoto mchanga. Mtoto mchanga wa kweli, benchi la nne, anaitikia kwa sauti kubwa. Hapo hapo mhudumu mwenye mkanda begani anamwinamia mama yake: "Mama, naomba utoke naye nje kidogo." Mama anatoka na khanga yake, anasimama gizani na mbu. Sisi tunabaki ndani na yule asiyelia, tunamwimbia.

Wala aibu hii ya mwili wa kweli hatukuianza sisi. Karne ya 2 tayari kulikuwa na Wakristo walioona aibu kwamba Mungu awe na nyama na damu, wakafundisha kuwa mwili wa Yesu ulionekana tu, haukuwa mwili wa kweli. Wanatheolojia huwaita Wadoketi. Valentino, aliyefundisha Roma, alikuwa na lake: Klementi wa Aleksandria ametuhifadhia maelezo yake kwamba Yesu alikula na kunywa vizuri tu, ila chakula hakikutoka. Nilipomsimulia mke wangu, aliuliza swali moja: "Sasa Maria alikuwa anafua nini?"

Sijaona mwanatheolojia aliyelimaliza jambo hilo haraka kiasi hicho, ingawa Tertuliano wa Kartago, Mwafrika mwenzetu wa kaskazini, alijitahidi. Aliandika kitabu kizima kuutetea mwili wa Kristo, akamshambulia Marsioni aliyechukizwa na habari za tumbo la uzazi, damu na nguo za kitoto. Hoja yake, kwa maneno yangu, ni kwamba ukichukia jinsi mtu anavyozaliwa, huwezi kudai unampenda mtu. Kisha mwaka 451 maaskofu wakakutana Kalkedoni, ng'ambo ya bahari kutoka Konstantinopoli, wakatamka kwamba Kristo ni Mungu kweli na mtu kweli, sawa na sisi katika yote isipokuwa dhambi. Waliondoa dhambi peke yake. Kibofu hawakukiondoa.

Injili zenyewe hazina aibu. Yesu anaona njaa asubuhi akitoka Bethania. Anachoka na safari, anaketi kisimani Samaria na kuomba maji. Analala usingizi mzito chomboni, kichwa juu ya mto, huku wenzake wakidhani wanakufa. Na alipopelekwa hekaluni akiwa mchanga, wazazi wake walitoa sadaka ya ndege wawili, ile ambayo Sheria ilimruhusu mama asiyemudu mwanakondoo. Kwetu majina ya wachangiaji husomwa kuanzia aliyetoa kikubwa. Familia Takatifu ingesomwa watu wakiwa wameshafika kituo cha daladala.

Gregori wa Nazianzo alisisitiza kwamba chochote cha kibinadamu ambacho Kristo hakukitwaa, hakikuponywa. Mimi ambaye magoti yangu yanalia kuliko kwaya ninapopiga goti, hoja hiyo nina masilahi nayo ya moja kwa moja. Namtaka Mungu mwenye magoti. Malaika wa kunifariji ninao wa kutosha ukutani, wamechorwa, hakuna hata mmoja anayejua mgongo ni nini.

Ndiyo maana kwenye kikao cha maandalizi nilinyoosha mkono nikataja choo. Choo cha parokia kiko nyuma ya kanisa. Mlango wake unashikiliwa na waya, maji ni ya ndoo ukiikuta ndoo, na usiku wa mkesha foleni yake inafika kwenye sanamu ya Bikira Maria. Wazee wenye kisukari husali Misa nzima wakipiga hesabu. Wajawazito wameacha kuja. Mwenyekiti alinitazama kwa huruma, akasema, "Mzee wangu, choo tutakijadili siku nyingine. Leo tuko kwenye mambo ya kiroho." Wajumbe wakatikisa vichwa kukubali. Ikapitishwa bajeti ya taa za kumetameta.

Mambo ya kiroho! Sikukuu yenyewe ni ya Mungu kupata mwili. Kama kuna siku moja katika mwaka ambapo choo kinastahili kuwa ajenda ya kwanza, baada ya sala ya kufungua kikao, ni Noeli. Valentino angekuwa hai tungemchagua mweka hazina.

Basi mchango wangu mwaka huu nimeuandika "mlango, koki na tenki," na risiti nataka iandikwe hivyo hivyo. Nanyi mlio kwenye kamati za parokia nyingine, kabla hamjanunua pamba, zungukeni nyuma ya kanisa mkaone. Na yule mama mwenye mtoto, mwacheni akae. Padre ana kipaza sauti.