Kombi ya Shemeji

Shemeji yangu ni Mjerumani aliyekuja Mombasa kwa likizo akarudi kwa posa. Siku hizi yeye na dada wanaishi kwao Ujerumani, ila kila mwaka lazima waje kula mahamri ya Mama, na kwa matembezi ya huku wana kombi yao kuukuu yenye kitanda, jiko dogo la gesi, kabati za mbao na mapazia ambayo dada ameyashona kwa leso. Wakishaondoka, kombi hubaki uani kwetu Kibokoni, na mimi hubaki kuwa mlinzi wake bila mshahara.

Mitaa yetu ya Mji wa Kale haikujengwa ikitarajia magari, seuze gari lenye kitanda. Kuiingiza kombi ile uani ni shughuli ya mtaa mzima. Vioo vya pembeni hukunjwa, pikipiki huondolewa, watoto hupiga kelele za kuelekeza kila mmoja upande wake, na Ami, anayekalia baraza moja tangu astaafu kazi ya bandarini, hulazimika kuinua miguu ili tairi lipite. Mara ya kwanza alichungulia dirishani, akaona kitanda na jiko.

"Hili ni gari au nyumba?"

"Vyote viwili, Ami."

"Basi litapata panya wa namna zote mbili."

Shemeji alikwisha kulifikiria hilo. Aliniachia maagizo kwa maandishi, kurasa kadhaa, yamepigwa chapa na kutiwa namba. La kwanza lilisema kwamba majira ya baridi yakianza panya hutafuta joto, kwa hiyo niwe macho zaidi wakati huo. Nililisoma nikiwa nimevaa kikoi bila shati, feni inanipepea, jasho linadondokea karatasi. Joto Mombasa tunalo la kugawa. Panya wa hapa hatafuti joto. Anatafuta kivuli, utulivu na makombo. Na masika yakifurisha mitaro, Aprili na Mei, anatafuta pahali pakavu pa kulaza wanawe. Kombi ilikuwa na vyote hivyo, na godoro la sponji juu yake.

Tena kwao adui mkubwa wa gari si panya hata kidogo. Kuna mnyama wanamwita Marder, mwembamba, mrefu, binamu mdogo wa nyegere, ambaye usiku huingia chini ya boneti na kutafuna waya na mipira. Uharibifu wake umezoeleka hata bima nyingi za huko humlipia. Kwa ajili ya huyo Marder, ambaye hajawahi kukanyaga Kibokoni, Shemeji alifunga kwenye injini kidude kinachotoa sauti nyembamba mno isiyosikika na binadamu.

Sikio la binadamu hukoma kwenye mitetemo kama 20,000 kwa sekunde. Paka hupita 60,000. Hili sikulisoma popote kabla. Nililijua asubuhi, nilipokuta paka wote waliokuwa wakilala juu ya boneti, wale wanaowahi alfajiri kuwapokea wavuvi, wamehamia kwa jirani na wananitazama kwa chuki kutoka ukutani. Panya nao huisikia sauti hiyo, lakini panya ni mtu wa mjini. Baada ya siku chache aliizoea, kama sisi tulivyozoea honi za tuktuk. Kidude kikaendelea kupiga kelele zake za kimya mpaka kikamaliza betri.

Baraza likakaa. Kila mtu alikuwa na dawa. Jirani mmoja alisifu gundi. Ikategwa, ikakamata ndara ya mtoto wake. Shemeji akapiga simu kupendekeza mafuta ya mnanaa. Mama, ambaye haamini kwamba kitu kinachotiwa chai kinaweza kumfukuza mtu, aliingia ndani ya kombi na chetezo akaifukiza ubani hadi madirisha yakawa meupe. Kwa wiki nzima kombi ilinukia biharusi. Panya hawakuondoka, ila nadhani walinukia vizuri. Mtu akataja sumu, Ami akakataa kwa mkono. Panya mwenye sumu, alisema, huenda kufia ndani ya bati usipofikia, na hapo atakayehama kombi ni wewe. Nami niliwafikiria paka: chuki yao ilinitosha, sikutaka na roho zao.

Ndipo Ami akaeleza yale aliyoyaona bandarini Kilindini miaka yake yote. Meli ikifunga gatini, kwenye kila kamba huvishwa sahani pana ya duara, ili panya asipite kamba kushuka au kupanda. "Meli haimtii panya harufu," alisema. "Inamnyima njia." Kisha akaongeza, kwa sauti ya mtu anayemzungumzia jamaa, kwamba hawa wa darini kwetu, wanaokimbia juu ya boriti usiku, nao walishuka na majahazi. Hapo hakukosea. Panya huyu mweusi asili yake ni Asia, na wanaakiolojia wamefukua mifupa yake Unguja Ukuu katika tabaka za zaidi ya miaka elfu moja iliyopita. Wareno walipoanza kuijenga Fort Jesus mwaka 1593, yeye alikuwa mwenyeji wa pwani hii wa karne nyingi.

Basi nikalala chali chini ya kombi, tochi mdomoni, penseli mkononi. Penseli ni kwa sababu tundu linaloipitisha humtosha panya mdogo pia, na humo chini matundu hayo yalikuwa tele: pale bomba la gesi linapoingilia, pale mpira wa waya ulipokauka ukapasuka, penye mfereji wa sinki. Fundi niliyemwita naye alikuwa juu, kwenye injini. "Bosi, huku kumeliwa," akaniambia, na kunishushia kipande cha waya kilichobaki shaba tupu. Meno ya mbele ya panya hayaachi kuota maisha yake yote, kwa hiyo lazima atafune. Waya za Kijerumani zilikuwa kazi tu, chakula kilikuwa ndani. Dada alisahau mfuko wa nafaka zile wanazokula asubuhi na maziwa. Nilipoing'oa droo nilikuta kiota, kizuri kwa kweli: sponji iliyochambuliwa, karatasi za kitabu cha gari, na kuta zake zimepambwa vipande vya pazia. Kwenye kipande kikubwa neno moja la leso lilikuwa halijaguswa: HAYAKUHUSU.

Tuliwatoa wenye nyumba, tukaziba kila tundu kwa waya laini wa kusugulia sufuria na wavu juu yake. Droo sasa ziko wazi na tupu, godoro limesimamishwa, kidude cha Marder kimo kabatini kwa Mama, na paka wamerudi kwenye boneti bila kuniomba radhi.

Ilibaki gharama ya waya. Shemeji, kwa uzoefu wa kwao, alisema nidai bima. Ajenti alinisikiliza hadi mwisho kwa upole, akasema bila abstrakti ya polisi hawezi hata kufungua faili. Nikaenda kituoni.

"Gari limeibwa?" aliuliza afande wa kaunta.

"Hapana, afande. Limeliwa."

"Na nani?"

"Panya."

Aliiweka kalamu chini, akanitazama, kisha kazi ikamshinda nguvu akaiokota tena.

"Mshukiwa unamjua?"

"Kwa meno tu."

"Ni mwenyeji hapa au ni wa kuja?"

"Wa kuja, afande. Alishuka na jahazi."

"Lini?"

"Kabla ya Wareno."

Afande akafunga kitabu. "Hiyo si kesi yetu," akasema, akinielekeza mlangoni. "Wapelekee Fort Jesus. Wao ndio wanaoshika mambo ya kale."