Jinsi ya Kuiangusha Pembetatu Mbele ya Darasa la Nne

Anza kwa kuiangusha. Chora ubaoni pembetatu mraba kama tulivyoizoea sote: upande mmoja umelala chini, wa pili umesimama wima kama nguzo ya umeme, na ule mrefu unateremka kama mtelezo. Uliza ni umbo gani. Darasa zima litaitika, "Pembetatu mraba, Mwalimuuu!" mpaka mlinzi wa getini apate elimu. Usiwapigie makofi bado. Futa, kisha chora ile ile, vipimo vile vile, ila safari hii ilaze juu ya upande wake mrefu ili pembemraba itazame dari. Uliza tena. Kimya. Mwaka fulani mtoto wa dawati la mbele alinijibu kwa upole kabisa: "Ilikuwa pembetatu mraba, Mwalimu, lakini sasa imeanguka."

Jibu hilo lithamini kuliko makofi yote. Mtoto amekwambia wazi anachokiangalia: mkao, wala si kona. Mwaka 1957 walimu wawili wa Uholanzi, Pierre van Hiele na mkewe Dina van Hiele-Geldof, waliandika tasnifu zao katika Chuo Kikuu cha Utrecht kuhusu ngazi anazopanda mtu anapojifunza jometri. Kwanza hulijua umbo kwa sura yake nzima, kama mtoto anavyomjua shangazi akiwa bado mbali njiani. Baadaye ndipo huanza kuzichambua sifa zake. Mwalimu anayechora pembetatu kwa mkao mmoja mwaka mzima anamfungia mtoto kwenye ngazi ya kwanza. Basi waambie: shangazi akijilaza mkekani, anageuka kuwa mjomba? Watacheka, na watakumbuka.

Kuna kikwazo kingine, nacho kimo ndani ya lugha yetu wenyewe. Jana ulifundisha kwamba mraba una pande nne sawa. Leo unaleta "pembetatu mraba". Mtoto makini atanyoosha mkono: itakuwaje umbo la pande tatu liwe mraba? Usimkemee, ana haki yake. Kata mraba wa karatasi, umwonyeshe kona yake, umwambie kwamba pembetatu hii imeazima kona moja tu ya mraba, na jina imelipata kwa mkopo huo. Kisha ukate mraba wenyewe toka kona hadi kona. Zinatoka pembetatu mbili, kila moja imeondoka na kona nzima ya mama yake, nyuzi 90 kamili. Kale kamraba kadogo tunakochora ndani ya kona kuonyesha pembemraba nako wakaone sasa kama risiti ya mkopo huo. Na neno pembe lenyewe lina mambo: ng'ombe ana pembe, chumba kina pembe, Afrika ina Pembe yake. Dakika tano za kulizungumzia ni hisabati tosha.

Sasa mpe kila mtoto kifaa cha kupimia. Usitafute cha dukani. Chukua karatasi yoyote, hata ile iliyochanwa vibaya kwenye daftari kuukuu, isiyo na ukingo ulionyooka popote. Ikunje mara moja, upige mkunjo kwa ukucha. Umepata mstari mnyoofu. Ikunje mara ya pili, ukiulaza mkunjo ule wa kwanza juu yake wenyewe, ukingo ukae sawasawa juu ya ukingo. Kona inayobaki pale mikunjo miwili inapokutana ni pembemraba, haijalishi karatasi ilikuwa na sura gani. Watoto hawaamini mpaka waipeleke kwenye kona ya daftari na kuona haina pengo. Hapo uso wa mtoto hubadilika: ametengeneza nyuzi 90 kwa vidole vyake. Kiiteni kipimakona.

Kazi ya kipimakona ni moja. Kiingize ndani ya kona. Ikilingana nacho sawasawa, ni pembemraba. Ikiwa nyembamba kuliko kipimakona, hiyo ni pembe kali. Ikizidi, ni pembe butu. Pembetatu yenye kona moja inayolingana nacho ni pembetatu mraba, iwe imesimama, imelala au imepinduka kichwa chini. Wape na kona yenye mikono mirefu na nyingine yenye mikono mifupi, kwa sababu wengi hudhani pembe hukua mistari ikirefushwa. Kipimakona kitawakatalia.

Kisha watoke nje, wakawinde. Kwanza bendera ya Taifa la Tanzania. Ule mkanda mweusi wenye kingo za manjano unapita mshazari kutoka kona ya chini upande wa mlingoti hadi kona ya juu upande wa pili, na unaacha pembetatu mbili: ya kijani juu, ya buluu chini. Zote mbili ni pembetatu mraba, kwa kuwa kila moja imekalia kona ya bendera. Ya kijani inawatazama watoto kwa mkao uliogeuzwa, nao wanaipita kila asubuhi mstarini tangu walipoandikishwa shule. Wainue macho hadi kwenye kenchi za paa: ubao wa kati unaosimama wima unaigawa kenchi kuwa pembetatu mraba mbili, zimepeana migongo. Warudi darasani wafungue mkebe wa hisabati. Zile pembetatu mbili za plastiki hazifanani hata kidogo, moja ina nyuzi 90, 45 na 45, nyingine 90, 60 na 30, lakini zote ni pembetatu mraba. Sambusa pia ije, ipimwe kila kona kabla ya kuliwa. Mfano unaofeli kipimo unafundisha kama ule unaofaulu.

Wakishaanza kujiona mafundi, wape shindano: nani ataweza kuchora pembetatu yenye pembemraba mbili? Waache wahangaike. Mistari miwili itapanda sambamba kama reli za TAZARA, na hizo zinatoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi, kilomita 1,860, bila kugusana. Usiwape jibu mapema. Mtoto aliyejaribu mara sita na kushindwa anaielewa pembetatu kuliko aliyenakili ubaoni.

Siku ikiwa na nafasi, mwite fundi mwashi. Akifika, watoto watamsalimu, "Shikamoo, Fundi," naye ataitika marahaba huku akitandika kamba zake. Atapima sentimita 60 kwenye kamba moja na 80 kwenye ya pili, kisha apime mshazari kati ya alama hizo. Ikija 100 kamili, kona iko sawa. Ikija 102, atasema kona imefunguka, na atasogeza kigingi. Hiyo ndiyo 3, 4, 5 iliyozidishwa mara 20, ambayo watoto watakutana nayo baadaye kwenye kanuni ya Pythagoras. Wao watumie kamba iliyofungwa kuwa duara, yenye vifundo 12 vilivyopishana sawa. Watatu waishike: kutoka kwa wa kwanza hadi wa pili nafasi 3, hadi wa tatu nafasi 4, na kurudi kwa wa kwanza nafasi 5. Waivute ikaze. Yule wa pili, aliye kati ya 3 na 4, amesimama kwenye pembemraba. Waambie wazunguke uwanja huku wameikaza. Pembetatu itazunguka nao, na yeye ataendelea kuwa pembemraba popote watakapofika.

Ombi langu kwenu mnaotunga majaribio na kuchora vitabu vya hisabati: katika kila swali la kutambua pembetatu mraba, wekeni angalau moja iliyoanguka.