Tumerudi Raskazone

Jumatatu

Tumeshuka stendi ya Kange, Tanga, alfajiri kutoka Tabora: mimi, Mwalimu, magunia, dumu la asali na kuku mmoja tuliyezawadiwa dakika ya mwisho, tukaona aibu kumkataa. Dereva wa bajaji aliuliza kama tunahamia. Mwalimu akamjibu kwamba tunarudi. Akatutoza bei ya wanaohamia.

Kwa atakayesoma hii nikiwa sipo: mume wangu alisomesha historia hadi akastaafu, mimi nilikuwa muuguzi. Baada ya kustaafu Kanisa letu la Kilutheri likatutuma kijiji kimoja cha Wilaya ya Kaliua, huko kwenye miombo na mashamba ya tumbaku, tukawasaidie wainjilisti. Yeye alishika darasa la kipaimara, mimi nikashika kina mama na watoto wao. Siku ya kutumwa tulipiga magoti madhabahuni, tukawekewa mikono, kwaya ikaimba, tukapewa mwavuli.

Leo getini tumepokewa na kufuli. Chumvi ya bahari imelila likawa bonge moja la kutu. Mwalimu alilipaka mafuta ya nazi, akangoja, akalipaka tena, akalisemesha. Kijana wa genge akaja na nyundo, akaligonga likaachia. Mwalimu ameurudisha ufunguo mfukoni. Nimemuuliza wa kazi gani tena. Amesema ni ufunguo wetu.

Jumanne

Umeme. Mita za nchi nzima ziliboreshwa mwaka 2024, yetu ikapitwa ikiwa usingizini. Kwa hiyo ukinunua umeme unapewa mafungu matatu ya tarakimu, kila fungu tarakimu 20. Mawili ya kwanza ni ya kuiamsha mita, la tatu ndilo umeme wenyewe. Mita iko ukuta wa nyuma, chini ya paa. Juu ya mita, ndani ya dari, wamehamia nyuki.

Mwalimu alisimama mbali akazisoma namba kwa sauti ile ya kutangazia nyimbo ibadani. Mimi nikabonyeza. Kitufe cha tano kimechoka, hakikubali kidole, kinataka ukucha. Kila nilipofika katikati ya fungu, nyuki mmoja alishuka kukagua kazi.

Nilipokosea, Mwalimu aliona ndiyo nafasi ya kunikumbusha Novemba 1914, Waingereza walipoteremsha jeshi la watu kama 8,000, wengi wao kutoka India, hapa hapa Raskazone, wakashindwa na jeshi la Lettow-Vorbeck, watu kama 1,000 tu, wengi wao askari Waafrika. Na nyuki, alisema, walichokozwa na risasi, wakatoka mizingani wakawauma waliokuwa mbele yao. Funzo lake ni kwamba mtu asipige kelele karibu na nyuki. Alilitoa funzo hilo kwa sauti ya kufika darasa la pili. Nimeumwa sikio la kushoto.

Umeme umewaka magharibi. Friji likanguruma, likatoa moshi, likanyamaza.

Kule Kaliua nyuki walikuwa na mizinga yao na asali yao tuliiuza tukanunulia kanisa mabati. Hawa wa hapa hawana habari na kanisa.

Jumatano

Kijijini siku ilianza Mwalimu alipogonga rimu ya lori iliyoning'inia mwembeni. Saa kumi na moja kamili, mvua isinyeshe, inyeshe. Leo saa kumi na moja nimeshtuka niko peke yangu kitandani. Nimemkuta uani, gizani, na nyundo aliyoazima kwa kijana wa genge, anatafuta cha kugonga.

Adhana ikaanza. Aliisikiliza mpaka mwisho.

"Wameshaamshwa," akasema, akarudi kulala. Nyundo amelala nayo.

Alhamisi

Kunguru ameiba sabuni ya vyombo. Amepanda nayo juu ya paa, ameidonoa, ameona haifai, hajairudisha.

Ijumaa

Nimekwenda Deep Sea kununua samaki. Kwa mazoea ya bara nilimsalimu muuzaji, "Mwangaluka." Akadhani nataja samaki. Akaniambia hao kwa leo wameisha, bi mkubwa, lakini changu wapo na kolekole wapo.

Nilichukua changu. Miaka yote tuliyokaa Kaliua, Mwalimu alililia samaki wa nazi. Kule mboga ni ya karanga, asubuhi karanga, jioni karanga, na kila alipoinua tonge alinieleza tui linavyotakiwa liwe. Basi leo nimeitoa mbuzi stoo, nikayasugua meno yake kutu ikatoka, nikakaa nikakuna mpaka kiuno kikanikumbusha umri wangu. Tui la kwanza zito, ndimu, pilipili mbichi, samaki wa kukaangwa kidogo kwanza ndipo anaingia. Harufu ilimleta jirani wa ukuta wa pili hadi dirishani kutupa pole na safari.

Mwalimu amekula nusu sahani. Amesema nazi inamlemea tumbo. Ameuliza hapa Tanga karanga zinauzwa wapi.

Sikumjibu. Nimekuja kuandika hapa.

Jumamosi

Wageni mchana kutwa. "Poleni na bara." Tumepoa. Baada ya pole wanatazama magunia. Kumbe mtaani ilijulikana kwamba tulipelekwa na kanisa Ujerumani, kwa hiyo watu wanashangaa tumerudi na karanga. Kila mmoja amepewa karanga, na kila mmoja amezipokea kwa mikono miwili kama mtu anayepokea risiti.

Neno Ujerumani lilimfungua Mwalimu. Yeye ni Msambaa wa Mlalo, walikofika wamisionari wa Betheli mwaka 1891, na hawezi kuliacha jambo hilo lipite bure. Aliwaeleza wageni kwamba mwaka 1907 Mchungaji Ernst Johanssen alipotoka Usambara kwenda kuanzisha misioni Rwanda, Wakristo wa Usambara walifuatana naye, kwa hiyo sisi kwenda Kaliua si jambo geni, ni ukoo. Nikamuuliza wale Wasambaa waliporudi kwao walikuta nani anakaa nyumbani mwao, na kufuli zilifunguka? Akasema hiyo si historia.

Nimekuwa nikiliwaza. Mtu akitumwa huandikwa kitabuni, hata jina la bandari aliyopandia. Akirudi anaandikwa na mkewe.

Jumapili

Kanisani. Benchi letu lina watu. Mchungaji ni mpya, wazee wa kanisa wawili niliowafahamu wamehamia kwa watoto wao. Ulipofika wakati wa matangazo, wageni wakaombwa wasimame. Mwalimu akasimama. Si kwamba alijiona mgeni. Kule kijijini kila watu walipoombwa kusimama, yeye ndiye aliyekuwa akisema, na miguu yake haijapata taarifa.

Alijieleza kwa kirefu. Alipomaliza tukaimbiwa wimbo wa kukaribisha wageni, tukapigiwa makofi, tukaambiwa tujisikie tuko nyumbani. Baada ya ibada tukapelekwa ofisini tukapewa soda. Kwenye kitabu cha wageni, mahali pa "Unakotoka", Mwalimu ameandika Raskazone. Kijana aliyetushikia kalamu alisema ni karibu sana, tuje tena.

Soda yangu ilikuwa nusu niliposikia nje mnada wa sadaka umeanza. Mayai, ndizi, miwa, jogoo. Kisha mnadishaji akatangaza asali halisi ya nyuki wadogo kutoka Tabora. Sijawahi kuiona Tanga asali hiyo, na yetu nilikusudia kuwagawia watoto, kwa hiyo nikaona nipate nyingine ya nyumbani. Nilitoka. Kulikuwa na mama mmoja aliyevaa kitenge cha Wanawake na Maendeleo, naye hakuwa na mchezo. Tulianzia elfu ishirini. Kila akipandisha, napandisha. Mwalimu alisimama nyuma yangu akinipigia makofi. Nimeshinda kwa elfu arobaini na tano.

Nilipoinua dumu niliona mwandiko wangu kwenye kifuniko: YA WATOTO.

Mwalimu anasema alilitoa sadaka asubuhi nikiwa naoga, na alidhani ninagomboa kwa makusudi, kwa kuiunga mkono misioni.

Jumatatu

Asubuhi nimekuta karatasi imebandikwa kwenye friji lililokufa. Ratiba. Saa kumi na moja kuamka, saa kumi na moja na nusu sala, saa mbili kikao.

Nilihudhuria. Mwenyekiti Mwalimu, katibu mimi. Mahudhurio: wote wawili. Wasiohudhuria kwa taarifa: hakuna. Yatokanayo na kikao kilichopita: hakikuwepo. Ajenda ya kwanza, nyuki: iundwe kamati. Nikauliza kamati ya nani. Mwenyekiti alitutazama. Ajenda ya pili, chakula: karanga. Mengineyo: katibu aliomba kujua lini atapata kukaa jikoni mwake bila kuulizwa kila kijiko kinafanya nini. Mwenyekiti akasema hoja hiyo ije kwa maandishi.

Sikasiriki. Kule alikuwa na watoto wa kipaimara, mafundi wa kuwasimamia na mtendaji wa kugombana naye juu ya mpaka wa kiwanja. Hapa amebaki na mimi na kuku. Kuku amegoma kusimamiwa, ametaga kwenye kiti chake.

Jumanne

Mwinjilisti wa Kaliua amepiga simu. Kabati la vyombo vya Chakula cha Bwana halifunguki na Jumapili ni zamu ya ushirika. Mwalimu alijipapasa mfukoni, akatoa funguo mbili, akazitazama. Moja imetiwa kwenye bahasha na kukabidhiwa kondakta wa basi. Siku nzima alikuwa mchangamfu. Alisema hata jikoni naweza kukaa.

Ijumaa

Bahasha imefika. Kaliua sasa wana ufunguo wa kufuli la geti letu, ambalo lilivunjwa. Wamelivunja na lao.

Jumamosi

Kamati ya misioni ya usharika imeleta fomu ya ripoti: Mafanikio, Changamoto, Mapendekezo. Mwalimu amejaza Mafanikio, ameomba karatasi za nyongeza, amezijaza nazo, akaenda kutafuta karanga sokoni. Changamoto na Mapendekezo ameniachia mimi, ameandika jina langu pembeni, kama kazi ya nyumbani.

Changamoto: nyuki bado wapo.

Mapendekezo: kwa kuwa ibada ya kutuma wazee ipo na inaendeshwa vizuri, na ya kuwapokea haipo, tunaomba siku wanaporudi usharika upeleke nyumbani kwao fundi wa kufuli, mtu wa kuhamisha nyuki, na mtu mmoja wa kumpa Mwalimu kazi ya nje ya nyumba kuanzia saa mbili asubuhi hadi saa nane mchana. Mwavuli si lazima.

Ripoti imepelekwa leo kwa bajaji, ikiwa na sahihi ya katibu peke yake.