Bundi wa Minnesota

Barua zetu pale Nyasho haziji mlangoni. Hulala kwenye sanduku la posta la taasisi moja nisiyoitaja kwa kuwa bado naihitaji, na ufunguo wa sanduku anao bwana mmoja ambaye akisafiri, husafiri nao. Kwa hiyo kadi ya Krismasi aliyonitumia mdogo wangu aliyeko Minnesota niliipokea watu wakiwa wanapalilia mahindi. Sikununa. Wenzangu wakipata bahasha ya Marekani huipapasa kwanza, kama kuna dola. Mimi hutazama kona ya juu, kulia.

Maradhi haya ya stempu nimeyarithi kwa marehemu baba. Alikuwa na daftari la kurasa ngumu, stempu zimepangwa kwa miaka: vipepeo wa 1973, na kabla yao samaki wa 1967, toleo lililomtia majonzi kila alipolifungua. Ni samaki warembo, wana mistari, wana mapezi ya kujipambia, lakini ni wa baharini watupu. Hakuna sato, hakuna kambare, hakuna hata furu mmoja wa kuliwakilisha Ziwa Victoria. "Hawa," baba alikuwa akisema, "hata sijui wanapikwaje."

Bahasha ya mdogo wangu ilikuwa na stempu nne zilizoshikana: ayala, mnyama tunayemfahamu kwa Zaburi tu; sungura; mbweha; na bundi. Wote wako msituni kwenye theluji. Posta ya Marekani ilizitoa Oktoba 2023 kwa ajili ya msimu wao wa baridi, na ni za ile aina isiyoandikwa bei: ukiinunua leo, hata gharama ya kutuma barua ikipanda kesho kutwa, stempu yako bado itapeleka barua ya ndani ya nchi bila kuongezewa senti. Nilimweleza hivyo mwenye duka wa mtaani kwetu. Alinyamaza, akatazama gunia lake la sukari, akasema Wamarekani ni watu wa ajabu. Yeye akiuza kitu kisichopanda bei, mwezi hauishi atakuwa hana duka.

Jirani yangu mmoja, mwenye shamba la pamba Bunda, alimwangalia ayala kwenye weupe ule akauliza nani amemwachia aingie shambani, tena pamba imeshapasuka. Nikamweleza kuwa ile ni theluji.

"Hata kama," akasema. "Mwenye shamba yuko wapi?"

Sasa, stempu za zamani zilikuwa na gundi ya kulamba. Unakata kipande cha bahasha, unakiloweka kwenye maji ya uvuguvugu, robo saa stempu inajibandua yenyewe, unaitoa kwa kibano na kuilaza kifudifudi juu ya gazeti ikauke. Za siku hizi ni stika. Nyingi za Marekani hazijali maji. Ziloweke hadi maharage yaive, zitabaki pale pale. Wakusanyaji wameacha kubishana nazo, wanakata tu bahasha kuizunguka stempu na kubakiza ukingo. Mimi nilitaka kubishana. Nikachukua bakuli la bati, nikatia maji ya moto, nikamtumbukiza bundi na wenzake, nikaazima kibano cha nyusi cha mke wangu bila kumwambia, kisha nikatoka kwenda dukani kutafuta gazeti.

Ndipo shangazi alipoingia kutoka Butiama. Ameshuka kwenye haisi, ana vumbi, ana njaa, ugali wa udaga unafuka mezani, sato kalala kwenye sahani, na pembeni pana bakuli la maji ya moto. Nani angefikiri vinginevyo? Alitumbukiza mikono yote miwili, akaisugua vizuri, na alipoitoa, wanyama wanne walikuwa wamemganda kiganjani, bundi akiwa upande wa kidole gumba. Kwa maelezo yake mwenyewe, alimkonyeza.

Yowe lile nililisikia nikiwa dukani. Mwenye duka alilisikia pia, akanitangulia na panga.

Kwetu bundi akilia juu ya paa, watu huanza kuhesabu wagonjwa. Bundi aliyevuka bahari ndani ya bahasha yenye jina la ukoo, akafika hadi kwenye maji ya kunawa, huyo hakuja kwa bahati mbaya. Shangazi aliunganisha mambo kwa haraka ya kutisha: mdogo wangu ana kinyongo kuhusu ng'ombe aliyeuzwa bila yeye kuulizwa. Ng'ombe mwenyewe aliuzwa na shangazi.

Tukampigia kwa WhatsApp. Kule ilikuwa alfajiri, akatokea kwenye kioo amejifunika blanketi hadi masikioni.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba. Umetuma bundi?"

"Nimetuma kadi, shangazi."

"Na bundi?"

Ikabidi aeleze kwamba alikwenda posta, akaomba stempu, akapewa zilizokuwapo. Kwa barua ya kuja huku zingetosha stempu tatu, ila aliongeza ya nne ili wanyama wasitengane.

"Mmesikia," shangazi akatugeukia. "Bundi ni wa nyongeza."

Mdogo wangu akajitetea kwamba kwa wazungu bundi ni ndege wa hekima. Wagiriki wamemweka hata kwenye sarafu yao ya yuro moja. Shangazi, ambaye husikiliza redio kuliko sisi sote, akauliza kama ni Wagiriki wale wale waliokuwa wanadaiwa na Ulaya nzima. Simu ikakatika. Mdogo wangu anasema ulikuwa mtandao.

Nikajaribu kwa njia nyingine. Nikamkumbusha korongo weupe wanaokuja huku kwetu kufuata panzi. Nao wanatoka kwenye baridi. Kabla baridi haijafika Ulaya wanafunga safari, na hakuna anayewafukuza. Nikaongeza kwamba zamani wasomi wa kule hawakujua ndege hao wanapotelea wapi, mpaka mwaka 1822, karibu na Klütz nchini Ujerumani, alipopigwa risasi korongo mmoja aliyerudi na mkuki wa Kiafrika umemchoma shingoni, urefu wake karibu sentimita 80. Hapo wakasadiki. Wakamkausha na mkuki wake, na yuko hadi leo Chuo Kikuu cha Rostock. Kifurushi kutoka Afrika, kimefika salama, bila stempu.

Shangazi alinisikiliza hadi mwisho, jambo lisilo la kawaida.

"Na mwenye mkuki," akauliza, "alirudishiwa?"

Sikuwa na jibu, na hukumu ikatoka. Ayala na sungura wabaki. Mbweha abaki, ila kwa shingo upande, kwa sababu ya kuku. Bundi atoke kabla jua halijazama. Nikaanza kueleza kwamba kwa mkusanyaji, stempu nne zilizoshikana zina thamani kuliko zilizotenganishwa, lakini mkasi ulishakuwa mkononi mwake. Ujanani alikuwa fundi cherehani. Mstari ulinyooka kabisa. Mke wangu naye akaona huo ndio wakati mzuri wa kuuliza habari za kibano.

Bundi alichukuliwa na mwenye duka. Alimpaka gundi mgongoni, akambandika kwenye jalada la daftari la madeni, na daftari akalisimamisha kaunta, likitazama mlango. Sijawahi kuona watu wa Nyasho wakilipa namna ile. Mama ntilie wa sokoni, aliyekuwa akikwepa njia ya dukani tangu Pasaka, alikuja na fedha kamili, akazisukuma kwa ncha ya kidole kutoka mwisho wa kaunta. Fundi baiskeli alimtuma kijana wake, na kijana akamtuma mwenzake. Sasa mwenye duka anataka nimwandikie mdogo wangu alete bundi wengine wawili, kwa ajili ya tawi atakalofungua Bweri. Nimekubali, kwa sharti kwamba ukurasa wangu uchanwe. Anasema angeuchana, ila bundi anaangalia.