Mgeni Aliyekubaliwa Mara Nne

Jirani yangu wa Kadutu, hapa Bukavu, hafungui mlango usiku, hata umtajie jina la babu yake. Atauliza: ni nani, umetoka wapi, umetumwa na nani? Katika mji huu simlaumu.

Juzi mwanawe anayejiandaa kwa Exetat, mtihani wa taifa wa kumaliza sekondari, alipakua programu ya mazoezi ya hesabu. Programu ikaomba kamera, kipaza sauti, namba zote zilizomo kwenye simu, na mahali alipo. Kijana akabonyeza “kubali” mara nne. Mega za intaneti zilikuwa zinakwisha, muda wa kumhoji mgeni angeupata wapi?

Mimi nilidhani logarithimu hukokotolewa bila kujua shangazi yako anakaa mtaa gani. Kumbe ushamba. Mwaka 2022 shirika la haki za binadamu la Human Rights Watch lilitoa ripoti kuhusu zana zaidi ya 160 za masomo katika nchi 49: asilimia 89 zilikuwa na mienendo ya kuhatarisha au kukiuka haki za watoto. Nyingi zilipendekezwa na serikali zenyewe, tena kwa moyo mkunjufu.

Sisi Wakongomani tunayo Sheria ya Dijitali ya Machi 2023, inayolinda taarifa binafsi. Iko Kinshasa, haijambo. Waasi wa M23 waliingia Bukavu Februari 2025, na tangu hapo kila kitu husimamishwa kwenye vizuizi vya barabarani na kuulizwa karatasi, isipokuwa taarifa za yule kijana.

Basi jirani, usiku nikibisha hodi usiniulize tena mimi ni nani. Iulize programu ya mwanao.