London ya Mashambani

Hongera, ndugu msafiri, kwa tiketi yako ya bei ya chee. Imeandikwa London, nawe umeshuka London. Mbona unakodoa macho? Ndiyo, hayo nje ya dirisha ni mashamba. Upo Stansted, huko Essex, kilomita 60 hivi kutoka katikati ya jiji. Ni kama mgeni ashushwe Bagamoyo kisha aambiwe, "Karibu Dar." Luton nayo inajiita London, na Southend, kule pwani, vilevile. Wenzetu wakarimu: jina la mji wanaligawa kama pilau ya maulidi.

Treni ipo, usihofu. Dakika 50 hivi mpaka Liverpool Street, na nauli yake huenda ikaishinda ile ya ndege. Basi simama hapo kwenye mashine ya tiketi na koti lako jepesi la Kariakoo, begi umelibana katikati ya miguu, kidole kikihangaika kuitafuta ile nauli ndogo, ambayo kumbe ni ya waliokata mapema. Mwenye teksi anakutazama kwa huruma ya muuza jeneza.

Safari ijayo jaribu Paris. Uwanja wa Beauvais upo zaidi ya kilomita 80 kutoka mjini, na tiketi, nasikia, ni rahisi mno.