Paka, Changu na Kiganja cha Wifi

Paka alikwishaukamata mkia wa samaki changu, wifi alipogeuka kumfukuza. Mkono ulioshika kifuu ukateleza, meno ya mbuzi ya nazi yakazama kiganjani, chini ya kidole gumba. Tui la siku ile likaishia hapo.

Shangazi akaja mbio na kopo la kahawa amwagie juu ya jeraha. Nikamzuia. Kijijini kwetu Mkwiro, kisiwani, hakuna gari. Tuliubana mkono kwa kitambaa safi, tukashuka pwani, tukapanda boti hadi Shimoni. Akasafishwa, akashonwa, akadungwa sindano ya pepopunda.

Vita vyenyewe vilianza asubuhi. Kiganja kilikuwa kimefura, chekundu, cha moto, hakikunjiki. Shangazi akasema sindano ndiyo iliyoharibu, akabandika maji ya moto amkande. Nikasimama mlangoni. Nikamwambia uvimbe ule ni kazi ya mwili wenyewe. Ngozi ikikatika, mishipa midogo hujibana kwanza, damu ikaanza kuganda. Kisha seli za pembeni humwaga kemikali iitwayo histamini, mishipa ikapanuka, kuta zake zikalegea. Damu inayojaa hapo ndiyo wekundu na joto. Majimaji yanayovuja ndiyo uvimbe. Kwenye kuta hizo hizo chembechembe nyeupe hujipenyeza, katika saa chache tu, zikameza vijidudu. Zikifa kwa wingi huwa usaha. Siku ya pili au ya tatu hufuata makrofaji, kubwa kuliko zile, zikala mabaki na kuziita seli za kujenga nyama mpya.

“Nani aliyeyaona hayo?” Shangazi akauliza.

Nikamwambia habari za mwanasayansi Ilya Metchnikoff. Mwaka 1882, akiwa Messina, Sicily, aliwachoma miiba watoto wa kiti cha pweza, ambao miili yao ni angavu, na asubuhi akakuta chembe zimeuzunguka mwiba. Mwaka 1908 akapewa Tuzo ya Nobel. Kiti cha pweza Shangazi anakijua tangu utotoni.

“Hata kile kina askari?” Akaiepua sufuria.

Hofu yangu ilikuwa uvimbe utaelekea wapi. Niliuzungushia wekundu mstari wa kalamu. Kama ungeuvuka, au mtoki ukatoka kwapani, au homa ikapanda, ingekuwa boti, usiku au mchana. Siku ya nne wekundu ulikuwa umerudi ndani ya mstari, na wifi akakunja vidole vyote.

Shangazi naye ana kisukari. Sukari ikipanda, chembe zile hufika kwa kuchelewa na kufanya kazi kwa unyonge, na ikikaa juu kwa muda mrefu, miguu huweza kupoteza hisia. Nilipomweleza, akanyoosha miguu kwenye mkeka nimtazame. Kati ya vidole vya kushoto palikuwa na mkato wa tumbawe, umeanza kutoa maji, na hakuwahi kuuhisi. Boti ya alfajiri tulipanda naye.